Shukrani kwa dereva wa bajaji wa Namanga, Msasani

Kaka uliyenisaidia Jumamosi, jina lako sikulipata, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele ya watu.

Mvua ilinikuta njiani nikipeleka michoro ya Tingatinga kwa mteja. Rangi yetu ni ya mafuta, ya aina aliyoanza nayo Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, mwaka 1968. Hukauka taratibu, na ikiguswa mbichi kazi imeharibika. Ulisimama bila kuitwa. Ukashusha turubai, ukachana boksi na kuweka vipande kwenye kona za kila ubao ili michoro isigusane, ukaendesha polepole ukikwepa mashimo. Nauli ya ziada ukaikataa.

Uliniuliza kwa nini sitafuti kazi nyingine, na kelele za mvua zikalimeza jibu langu. Nachora kwa sababu nililelewa Tunduru na bibi aliyesimulia habari za tembo na chui kana kwamba ni majirani zake. Bibi hayupo tena. Kila mnyama ninayemchora ni yule wa simulizi zake, na Jumamosi ulizibeba wewe.

Madereva wengine, mkimkuta msanii mvuani na kazi mbichi, msimpite. Nawe kaka, njoo Morogoro Stores, pale Oysterbay, nimekuwekea ubao wenye tembo.