Usinunue amplifaya bado

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote walio nyumbani kwako. Barua yako nimeipata, na picha ya mtambo wa redio uliouunda nimeitazama kwa furaha ya kweli, kwa maana nakumbuka jinsi mkono ulivyokutetemeka siku ya kwanza uliposhika chuma cha kulehemia. Maneno yako ya mwisho, hata hivyo, yamenihuzunisha. Unasema kwamba kwa majuma matatu umekuwa ukiita kwa Morse katika megahezi 7.030 bila kujibiwa na mtu hata mmoja, na kwamba sasa umekata shauri kununua amplifaya ya wati 100. Nakuandikia upesi nikuombe usiinunue bado. Sina ugomvi na wanaotumia nguvu nyingi. Ninachoamini ni kwamba kilichokuzuia hakiko kwenye wati, na mtu akiongeza nguvu juu ya kosa, huwa amelirusha kosa lake mbali zaidi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonituliza mimi nilipokuwa na hamu kama yako. Kutoka wati 5, ambazo ndizo kikomo tulichokubaliana kukiita QRP, yaani nguvu ndogo, kwa watumiaji wa Morse, hadi wati 100, ni kuongeza nguvu mara 20. Jambo hilo linaonekana kubwa, lakini kipokezi hakilioni hivyo. Mara 20 ni desibeli 13 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu), na ngazi moja ya kipimo cha S, kinachoonyesha ukali wa mawimbi kwenye kipokezi, ni desibeli 6. Kwa hiyo kituo kinachosikika S7 kwa wati 100 kitasikika karibu na S5 kwa wati 5, na mtu aliyezoea Morse huisoma S5 bila taabu. Najua mtambo wako wa transista mbili haufiki wati 5. Tuseme unatoa nusu wati. Tofauti yake na wati 100 ni desibeli 23, yaani ngazi zisizotimia nne, na yule ambaye angekupata kwa S9 atakupata kwa zaidi kidogo ya S5. Morse yenyewe nayo inakurudishia sehemu ya ulichopungukiwa: sauti ya mtu huhitaji nafasi ya hezi 2,500 hivi, ilhali Morse hupita vizuri katika kichujio cha hezi 250, ambacho huingiza sehemu moja tu ya kumi ya kelele. Hizo ni desibeli 10 ambazo hukuzitoa kwenye betri. Ile setilaiti ya kwanza, Sputnik 1, iliyorushwa na Umoja wa Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957, ilikuwa na transmita ya wati 1, na wanaredio wa ridhaa wa nchi nyingi waliisikia katika megahezi 20.005 kwa vipokezi vyao vya kawaida. Ni kweli kwamba kati yao na angani hapakuwa na kilima wala ukuta. Lakini wati 1 ilitosha.

Sasa, hujaniambia mtambo wako unatoa nguvu kiasi gani, nami nashuku kwamba hukupima. Tengeneza leo hii mzigo wa majaribio, yaani rezista za kuunganisha mahali pa antena. Chukua rezista 20 za omu 1,000, kila moja ya robo wati, uziunganishe sambamba, nawe utapata omu 50 zinazoweza kubeba wati 5. Ziwe za kaboni au za utando wa metali. Zile zilizofumwa kwa waya usiziguse, kwa kuwa rezista ya namna hiyo ni koili iliyojificha. Kwenye mzigo huo unganisha diodi ya 1N4148 na kapasita ya nanofaradi 10, kisha soma volti za mkondo mnyoofu kwa multimita huku umebonyeza ufunguo wa Morse. Ongeza 0.6 kwa ajili ya diodi, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa 100. Ukisoma 6.4, unapata 7 kamili, mraba wake 49, na nguvu yako ni wati 0.49. Ukipata hapo au zaidi, mtambo ni mzima. Ukitaka kupandisha kidogo, betri ya volti 12 badala ya ile ya volti 9 itakupa karibu mara 1.8 ya nguvu, mradi transista ya mwisho uifunge kipande cha bati cha kupoozea.

Ukipata chini ya robo wati, usikimbilie kulaumu transista. Mimi niliwahi kubadilisha transista mbili nzima kwa hasira kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye koili za kichujio cha mtambo, kile kilicho kati ya transista ya mwisho na antena. Kiini chekundu cha T37-2, ile pete inayosukiwa waya, hutoa nanohenri 4 mara mraba wa idadi ya mizunguko: mizunguko 16 ni maikrohenri 1.02, lakini mizunguko 18, ambayo ndiyo niliyokuwa nimeisuka kwa kuhesabu vibaya, ni karibu maikrohenri 1.3. Kichujio kikaanza kukata chini mno na kuinyima antena nguvu iliyokuwa yake. Kanuni ni moja tu: kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata kama umepita moja kwa moja bila kuzunguka chochote kwa nje. Hesabu ndani ya tundu, usihesabu nje. Halafu kwaruza ile rangi ya waya mpaka shaba ing'ae, kwa maana solda hukaa juu ya rangi ikaonekana nzuri kabisa huku ndani hakuna kilichoungana. Wala kichujio hicho usikione kama pambo unaloweza kuliruka. Transista ya mwisho hupitisha mkondo kwa mapigo, na mapigo hayo huzaa masafa ya mara mbili na mara tatu, yaani 14.060 na 21.090, na hiyo ya kwanza ndiyo mahali wenzetu wengine wa nguvu ndogo wanapokutania. Kuwapigia kelele wao ni kosa la adabu na ni kuvunja masharti ya leseni.

Nimefika kwenye jambo ambalo nalishuku kuliko mengine yote, na ningependa ulisome polepole. Kipokezi chako ni cha kubadilisha moja kwa moja: osileta ya fuwele, ile inayozaa masafa yako mwenyewe, huchanganywa na mawimbi yanayoingia, na tofauti yao ndiyo mlio unaousikia. Kituo kilichoko hezi 700 chini ya osileta yako husikika kwa mlio wa hezi 700, na kituo kilichoko hezi 700 juu yake husikika kwa mlio ule ule. Sikio haliwezi kuvitofautisha. Sasa fikiri: umemsikia mtu vizuri, unabonyeza ufunguo ili umjibu. Ikiwa osileta haisogei, unatuma ukiwa hezi 700 pembeni mwake, naye, akiwa amefunga kichujio chake chembamba, anasikia kimya. Ikiwa osileta inasogea hezi 700 lakini ulikuwa umemkamata upande usiofaa, basi umemkimbia badala ya kumfuata, na sasa mko mbali hezi 1,400. Unaweza kuita usiku kucha kwa wati 100 katika hali hiyo, na atakayekujibu ni mtu ambaye hukumkusudia.

Katika mchoro ulionitumia naona kapasita ndogo iliyounganishwa mfululizo na fuwele, ambayo hurukwa ufunguo unapobonyezwa. Kapasita ya namna hiyo hupandisha masafa ya fuwele kidogo. Ikirukwa, masafa hushuka. Maana yake ni kwamba unaposikiliza, osileta yako inatakiwa iwe juu ya kituo unachokisikia, ili inaposhuka iangukie pale pale kilipo. Kuitambua hali hiyo ni rahisi ukishajua unachokitafuta. Zungusha kapasita ya kubadilishia masafa kutoka chini kwenda juu: mlio utashuka, utakuwa mzito, utapotea kabisa, kisha utaanza kupanda tena. Ule upande wa pili, ambako masafa yakipanda na mlio nao unapanda, ndio upande wako. Upande wa kwanza uuache hata kama unasikika safi zaidi. Mimi nilipoteza mwezi mzima kwa sababu hii, hadi mwenzangu mmoja aliyekuwa akisikiliza kwa kichujio kilicho wazi aliponiambia kwamba ananisikia kila jioni nikiwajibu watu mahali ambapo hawapo.

Ukitaka ushahidi usiotegemea huruma ya mtu, upo mtandao wa vipokezi uitwao Reverse Beacon Network, ambao vipokezi vyake husikiliza Morse vyenyewe, husoma wito wa CQ, ule wa kumwita yeyote anayesikia, pamoja na ishara ya mwito, yaani jina la kituo, na kuandika vilikusikia wapi, kwa desibeli ngapi juu ya kelele, na katika masafa gani. Tuma CQ mara tatu, kisha DE, yaani "kutoka kwa", na ishara yako mara mbili, kwa mkono uliotulia na nafasi sawa kati ya herufi, halafu uangalie. Ukijikuta humo, umeshajua kwamba nusu wati yako inatoka na inafika. Soma hasa tarakimu za masafa: ndizo zitakazokuonyesha kama osileta inasogea unavyodhani. Usipojikuta, angalia betri kwanza. Betri iliyochoka huinamisha volti kila unapobonyeza, osileta ikateleza pamoja nazo, na mlio wako ukatoka kama wa ndege badala ya mstari ulionyooka, jambo ambalo mashine hulisoma kwa shida na binadamu hulivumilia kwa shida zaidi.

Kuhusu antena nitasema machache, kwa kuwa naona waya wako umepimwa vizuri: mita 20.3 kwa jumla, mita 10.15 kila upande, ndivyo inavyotakiwa kwa 7.030, na kipande kilichozidi hupunguzwa mwishoni baada ya kupima. Ila umeutundika mita tatu kutoka ardhini. Hapo sehemu kubwa ya nguvu inapasha udongo joto. Uinue katikati hata kufikia mita saba au nane na kuziacha ncha ziteremke, nawe utapata faida ambayo hakuna betri itakayokupa, tena utaipata kwa kutuma na kwa kupokea pia. Hii ndiyo sababu ninayoona kuwa fedha za amplifaya, kama ni lazima zitumike, ziende kwenye mlingoti na kamba. Amplifaya hukufanya usikike tu; waya uliopanda juu hukufanya usikie vilevile.

Tena badilisha saa zako. Unasema huita adhuhuri, wakati una nafasi. Mchana tabaka la chini la ionosfia (anga ya juu inayorudisha mawimbi ardhini), lile la D, hunywa mawimbi ya megahezi 7, na kinachosalimika hakiendi mbali. Jua likitua tabaka hilo hutoweka, na mawimbi yale yale hupanda hadi tabaka la F na kurudi ardhini mbali sana. Saa moja kabla ya machweo hadi usiku wa kwanza ndiyo saa ya mwenye nusu wati. Na unapokaa mezani, usianze kwa kuita. Mwenye nguvu ndogo anayeita CQ humtegemea mgeni aje amkute kwa bahati, lakini anayejibu CQ ya mwingine humkuta mtu ambaye tayari ametega sikio kwenye masafa yale. Sikiliza kwa nusu saa, mchague yule unayemsikia kwa nguvu kuliko wote, ngoja amalize, mjibu kwa mwendo wake. Ishara yako itume mara mbili tu, na usiongeze habari ya nguvu yako mpaka akuulize.

Nina hakika kwamba mambo haya yakirekebishwa utajibiwa, na sikuandikii hivi ili kukufariji. Mchoro wako ni mzuri, viungo vyako vya solda kwenye picha vinang'aa bila uvimbe, na ulikuwa na subira ya kuunda kila kitu kwa mkono wako badala ya kununua kilichokwisha kuundwa. Singependa siku utakapoandika mawasiliano yako ya kwanza kwenye daftari uandike kando yake wati 100 za kiwanda.

Jumamosi ijayo, kuanzia 18:00 UTC, nitakuwa nikisikiliza 7.030 na hezi 1,500 kila upande wake, kichujio changu nikiwa nimekifungua chote, ili hata ukikosea upande nikupate na nikuambie uko wapi. Dakika 10 za kwanza nitaita mimi, polepole, nawe nikamate upande ule ambao mlio hupanda masafa yakipanda. Nitapunguza nguvu yangu iwe nusu wati, sawasawa na yako.

Kwa sasa pokea 72 kutoka kwangu, kama tunavyoagana sisi wa nguvu ndogo.

Ni mimi rafiki yako.