Kaka, megahezi zako ziko ndani ya WNS

Kaka mambo, za siku nyingi? Ujumbe wako nimeusoma jana usiku nikiwa nishapanda kitandani, ikabidi nishuke niwashe laptop, maana hilo swali lako la kujua dizaini ya filta kwenye FPGA (chip unayoipangia saketi mwenyewe) inakula kiasi gani cha chip na inaweza kwenda megahezi ngapi limenitesa mimi kipindi chote cha projekti, sitaki na wewe likutese hivyo.

Tuanze na ulivyosema ripoti ya Vivado (programu ya kutengeneza dizaini za FPGA) inakuonyesha LUT sifuri, yaani hakuna hata kijisaketi kimoja cha mantiki kilichotumika. Kodi yako inaweza kuwa haina shida kabisa, we angalia tu kama matokeo ya filta yanafika kwenye pini yoyote. Vivado ikikuta hesabu ambayo jibu lake haliendi popote inaifuta yote kimyakimya, inabaki ripoti tupu. Mimi nilihangaika siku mbili na hicho kitu. Unganisha jibu na zile LED 16 za bodi yako ya Basys 3 utaona namba zinarudi, ila ukiunganisha biti chache tu basi zile zisizotumika nazo zinaweza kukatwa. Kama pini hazitoshi, fanyia sinthesisi (kugeuza kodi kuwa saketi) modyuli yenyewe peke yake kwa mode ya out_of_context, hapo haikudai pini.

Matumizi yenyewe ni rahisi, andika report_utilization utapata jedwali. Chip yako ni XC7A35T, ina LUT 20,800, flipflopu (za kushika biti moja moja) 41,600, DSP (vitengo vya kuzidisha) 90 na block RAM (kumbukumbu za ndani) 50 za kilobiti 36 kila moja. Filta yangu ya tapu 8 (yaani kuzidisha mara nane) ilichukua DSP 8, yaani kama asilimia 9. Usiangalie LUT peke yake bana, unaweza ukawa na LUT kibao zimelala huku DSP zimeisha.

Sasa spidi, hapa ndo penye kazi. Vivado haikuandikii popote kwamba dizaini yako mwisho ni megahezi kadhaa, unatafuta mwenyewe. Kwanza kwenye faili la XDC (la masharti ya dizaini) lazima uwe umeandika create_clock yenye piriodi (muda wa mzunguko mmoja wa kloki), bila hiyo hakuna cha kupima. Kloki ya bodi ni megahezi 100, kwa hiyo piriodi ni nanosekunde 10. Ukimaliza implimentesheni (kupanga saketi na kupitisha nyaya ndani ya chip) fungua report_timing_summary, tafuta WNS (nanosekunde zinazobaki kwenye njia inayochelewa kuliko zote), halafu toa: piriodi kutoa WNS. Mimi nilipata WNS 1.4, kumi toa 1.4 ni 8.6, moja gawanya kwa nanosekunde 8.6 unapata kama megahezi 116. WNS ikiwa hasi unajumlisha, fomula ni ileile.

Ila usiishie hapo kaka, maana programu ikishafikisha lengo ulilolipa haina sababu ya kujisumbua zaidi. Nilishusha piriodi mpaka 7 nikaendesha upya, kodi ileile sijagusa hata herufi, WNS ikatoka 0.2, hiyo ni piriodi ya 6.8, megahezi 147! We endelea kuibana hivyo mpaka WNS iende hasi, hapo ndo unajua mwisho wake uko wapi. Na namba za baada ya sinthesisi usiziandike kwenye ripoti yako, pale nyaya bado hazijapitishwa, ucheleweshaji wake ni wa kukisia tu.

Kitu kingine nakuomba sana, weka rejista (flipflopu zinazoshika data kwa kila mzunguko wa kloki) mwanzoni na mwishoni mwa filta. Data ikitoka kwenye swichi moja kwa moja mpaka kwenye kuzidisha, na hujaandika set_input_delay, ile njia haipimwi, utafurahia WNS nzuri kumbe njia ndefu kuliko zote haimo kwenye hesabu. Angalia na WHS pia (inapima kama data haibadiliki mapema mno), hiyo ikiwa hasi hata upunguze kloki haiponi.

Mimi njia iliyokuwa inanichelewesha ilikuwa ni kuzidisha halafu kujumlisha namba nane mfululizo ndani ya mzunguko mmoja wa kloki. Nilikata katikati nikaweka rejista, jibu linachelewa mzunguko mmoja lakini spidi ikapanda vizuri tu. Ya kwako nahisi ni hiyohiyo, ila sitaki kubahatisha, nitumie ile njia ya kwanza kwenye report_timing, yote kuanzia rejista inapoanzia mpaka inapoishia, kesho jioni nikitoka kazini tunaikalia pamoja kwa simu.