Chatu wa watoto, mzigo wa mzazi

Mhariri,

Wanangu wameniomba tufuge chatu wa Burma. Kwa sasa ana urefu wa mkono wangu, mpole kweli, na ngozi yake, nakiri, inapendeza. Lakini nyoka huyu anaweza kupita mita 5 na kuishi zaidi ya miaka 20. Watoto watakuwa wameshahama, nimebaki naye mimi, nikimtafutia sungura wa kumeza. Hana sumu, wanasema. Sawa, ila hukaza mawindo mpaka damu isimame. Wafugaji wengine wakichoka huwaachia porini. Kule Everglades, eneo la vinamasi huko Florida, Marekani, chatu hao wamewala wanyama wa asili hadi baadhi wakaadimika. Nimekataa. Wanangu bado wamenuna.

Mzazi