Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Matengenezo: tuachie muda wa kuipima injini, spea zitafuata

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Nimetoka zamu ya usiku sa hivi, macho mekundu, kwahiyo nikipandisha sauti mahali nisamehe mapema. Naandika wazi kwa sababu barua za ndani nimeshaandika mbili na zote zilijibiwa "tumepokea", basi, kimya. Kwa wasioujua waraka wako, kwa kifupi unasema ndege ikirudi na lalamiko la injini fundi ana dakika 90 awe ameshafunga kazi, na baada ya kazi injini iwashwe mara moja tu, isizidi dakika 5, tusichome mafuta ovyo. Mengine yaliyomo ni salamu.

Mzee, ndani ya dakika 90 spea nitakubadilishia bila wasiwasi, ila kujua nini kimeharibika ni habari nyingine kabisa, na waraka umetufundisha kuruka hiyo habari ya pili.

Nikukumbushe ile tabopropu yetu, ndege ya injini za tabaini zinazozungusha propela, ambayo injini namba 2 ilikuwa inachelewa kupanda mzunguko. Rubani anasukuma wenzo wa nguvu, namba 1 inaitika palepale, namba 2 inajivuta kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Siku ya kwanza tukabadilisha fyueli kontroli, ile inayopima mafuta ya kuingia kwenye injini, tukawasha dakika zako 5, ikaonekana iko poa, tukasaini. Safari ya tatu lalamiko likarudi neno kwa neno. Zamu nyingine wakabadilisha pampu ya mafuta, likarudi. Zamu ya tatu, na hapa nacheka kwa uchungu, wakaing'oa tena fyueli kontroli, ileile tuliyoifunga wiki moja nyuma, kwa sababu ndo spea iliyokuwepo stoo na saa inakimbia. Karakana ilizipima hizo kontroli mbili ikazirudisha na karatasi: haina tatizo. Zote mbili hivyohivyo.

Siku niliyopangiwa mimi hali ya hewa ilikuwa imefunga, hakuna ndege inayotoka, kwahiyo nikapata muda ambao waraka haujanipa. Sikushika spana. Nilikaa na daftari la ndege nikasoma namba za wiki tatu nyuma nikazilinganisha na injini jirani, wenzo ukiwa palepale. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha propela, chini, mzunguko wa kompresa, ile inayobana hewa kabla ya kuchomwa, chini, mafuta yanayoingia chini, na joto la gesi nalo chini, vyote vinne vimeshuka pamoja. Hapo injini imeshaongea tayari. Geji ikiwa mbovu inadanganya peke yake, haiwezi kuwashawishi wenzake watatu nao wadanganye kwa mpangilio. Alafu angalia hilo joto. Kompresa ikiwa chafu, au mapanga yake yameliwa na mchanga, kupata nguvu ileile unalazimika kuchoma mafuta mengi zaidi na joto linapanda, huku kwetu limeshuka, maana yake injini yenyewe haiumwi, ina njaa. Kuna kitu kinainyima mafuta.

Sasa kama kontroli zimepimwa ni nzima, nani anazidanganya? Kwenye injini ile kuna kipaipu chembamba kinachochota hewa ya presha mwisho wa kompresa na kuipeleka kwenye kontroli, na kontroli inaitumia hiyo kujua hewa iliyopo ni kiasi gani ili imwage mafuta ya kiasi hicho. Kipaipu kikivuja kontroli inaona presha ndogo, inaamini hewa ni kidogo, inabana mafuta ili tabaini, yale mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, isiungue. Inafanya kazi yake vizuri kabisa, tatizo taarifa iliyopewa ni ya uongo. Tukafungua ncha mbili, moja tukaziba, nyingine tukaingiza nitrojeni ya presha ndogo kama kitabu kinavyoelekeza, tukapaka maji ya sabuni kwa brashi. Dakika mbili nzima hola. Kijana wa mafunzo niliyekuwa naye ameshaanza kukunja waya wa taa, nikamwambia hebu legeza na hiyo klampu. Chini ya klampu, pale mpira wake ulipolika chuma kikabaki kinasugua chuma, vikaanza kutoka vipovu vidogo kama mayai ya samaki, kimoja, kingine, kingine. Kwa macho usingeuona huo ufa hata ukisogeza taa mpaka pua iguse paipu.

Kontroli mbili na pampu moja, kumbe ni mpira wa klampu.

Najua utasema ndege haikuanguka, na kuchelewa kupanda ni usumbufu tu kwa rubani. Hapo ndo sikubaliani na wewe kabisa mzee wangu. Tarehe 22 Agosti 1985 pale Manchester, Uingereza, Boeing 737 ilikuwa inakimbia ili iruke, kopo la kuchomea mafuta namba 9 kwenye injini ya kushoto likapasuka, kipande kikaruka kikatoboa tangi la mafuta kwenye bawa, moto ukashika, watu 55 wakafa. Kopo lile lilikuwa limewahi kuchomelewa kwa ajili ya nyufa. Na kabla ya siku hiyo kwenye daftari la ndege kulishaandikwa kwamba injini hiyo inachelewa kupanda, marekebisho yakafanyika, ndege ikarudi kazini. Silaumu mafundi wale, nimeshakuwa kwenye viatu vyao, unapewa lalamiko la maneno matatu na watu wanasubiri mlangoni, unagusa kidogo mwendo wa sailensa, yaani mzunguko wa chini injini ikiwaka bila kusukumwa, inaitika, unasaini. Ila ndo hayohayo maneno matatu tuliyoandikiwa sisi.

Na hizi dakika 5 za kuwasha. Kuna ndege ya Eastern, shirika la Marekani, safari namba 855, tarehe 5 Mei 1983, Lockheed TriStar ya injini tatu, ilitoka Miami kwenda Nassau, Bahamas. Usiku wake mafundi walikuwa wamebadilisha sumaku za kunasa vipande vya chuma kwenye oili, injini zote tatu, na zote tatu zikafungwa bila oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji. Kipimo cha uvujaji kilifanyika, usije ukadhani hawakupima! Walizungusha injini kwa stata sekunde kama 10 hivi, wakamulika, kukavu, wakafunga mlango. Sekunde 10 haziwezi kuipa oili presha ya kutosha ikatoka palipokuwa wazi. Angani injini ya katikati ikaanza kupoteza presha ya oili, wakaizima wakageuza kurudi, mara geji za oili za hizo mbili zilizobaki nazo zinashuka kwenda sifuri, na marubani wakaona haiwezekani zote tatu zife kwa pamoja, lazima geji ndo mbovu. Mbili zikazima. Ndege ikashuka bila nguvu ya injini hata moja, wamebaki futi 4,000 hivi juu ya bahari ndo wakafanikiwa kuiwasha tena ile ya katikati, wakatua Miami wote wazima, watu 172. Mi nikisoma waraka wako naona zile sekunde 10, tofauti ni kwamba zetu zimepigwa mhuri.

Hapo pia utaona ile kanuni yangu ya geji ina mipaka yake. Injini tatu hazifi pamoja kwa bahati mbaya, kweli, ila zinaweza kufa pamoja kwa kuguswa na kazi ileile usiku uleule. Ndo maana naomba sana, tena kwa hili nitapiga magoti, fundi mmoja asiguse kitu kilekile kwenye injini zote za ndege moja kwa zamu moja. Kwetu inafanyika kila wiki kwa sababu "uko pale pale na spana mkononi, malizia na ya pili".

Mambo mengine nitayapitia haraka. Injini ikikwama kwenye kuwaka, imeshika moto lakini mzunguko haufiki sailensa na joto linapanda, stoo wanatoa fyueli kontroli kabla hata mtu hajauliza presha ya hewa inayofika kwenye stata ilikuwa ngapi, wakati stata dhaifu au hewa haba inatoa dalili hiyohiyo. Thamokapo nazo, zile sensa za joto, zimeungwa sambamba, ikiungua moja geji haizimi, inakuonyesha wastani wa zilizobaki, kwahiyo joto "zuri" linaweza kuwa la uongo. Na kompyuta ya injini ikitaja sensa fulani kwenye skrini vijana wanaikimbilia hiyo sensa, kumbe kompyuta imesema tu ishara inayoifikia haieleweki, inaweza kuwa pini imepinda, maji kwenye plagi, waya umechunika ndani ya bomba lake. Fungua plagi kwanza, angalia! Au hamisha sensa, kosa likihama nayo umempata mwizi, likibaki palepale usiisumbue stoo.

Kuna siku uliuliza kwenye kikao kwa nini namba za alfajiri na za mchana hazifanani, ukahisi tunabuni. Hatubuni. Hewa ya joto ni nyepesi, injini inavuta pumzi ndogo, ndo maana kila namba tunairudisha kwenye siku ya kawaida ya vitabu, nyuzi 15 na presha ya milibari 1013, ndo tunalinganisha. Hiyo hesabu inachukua muda, na inatakiwa injini itulie ipate moto sawasawa kabla hujaandika chochote. Alafu baada ya kuipandisha nguvu huwezi kuikata ghafla, lazima ikae sailensa ipoe kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu, la sivyo kava linapoa haraka kuliko mapanga yaliyomo ndani na vinaanza kusuguana. Toa muda wa kupasha, toa wa kupoza, kwenye dakika 5 zako imebaki nini ya kupima?

Sasa ninachoomba. Lalamiko la mara ya kwanza baki na 90 zako kama lazima, lakini likirudi mara ya pili saa isimame, ndege ikae chini mpaka tuseme tumeona nini. Fomu ya kuomba spea iongezwe nafasi ya kuandika namba zilizosomwa kabla ya kung'oa, asiye na namba asipewe kitu, hata kama ni mimi. Muda wa kuwasha injini uwe ule wa kitabu cha mtengenezaji, kila kazi na wake. Na karatasi za "haina tatizo" zinazorudi na spea kutoka karakana zisiishie stoo, ziletwe kwetu, maana kila moja inatuambia tulikosea wapi.

Mafuta ya kuwashia najua yanakuuma. Pitia mwenyewe safari za ile tabopropu zilizorudi na lalamiko, uone tulichoma kiasi gani tukiokoa dakika.

Kile kipaipu bado kipo, hakijatupwa, kimefungwa lebo nyekundu kwenye kabati la msimamizi wa zamu, hanga la nyuma. Njoo usiku wowote mzee, brashi na sabuni vipo, nitaiunganisha nitrojeni mwenyewe uone vipovu.

Wako,
fundi wa injini, zamu ya usiku