Salamu za Idi kutoka Ngamiani

Assalaam alaykum ndugu, jamaa, majirani na wateja wangu wote.

Mwezi umeandama, na tangu alfajiri Ngamiani yetu hapa Tanga inanukia pilau barabara baada ya barabara. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na zaka zetu, awarehemu waliotangulia, awarudishe salama walio safarini. Majirani zetu Wakristo, ambao safari hii mlianza Kwaresima sambamba na Ramadhani yetu, nawaombea mumalize mfungo wenu kwa heri. Pasaka ikifika, tutakuja kula.

Mwaka huu salamu zangu ni ndefu kuliko kawaida. Nina neno nimekaa nalo tangu katikati ya mfungo.

Kijana mmoja alileta kitambaa cha kanzu. Nilikuwa nampima mabega akaniambia, "Fundi, mimi nikiwa mdogo baba alinileta hapa hapa, kwenye meza hii hii. Miaka kumi ijayo nikikuletea mwanangu, nitakukuta?" Nikamjibu inshallah. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Na utakuwa umeridhika?"

Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Nikamwitikia kwa kutabasamu, nikaandika vipimo vyake kwenye daftari, akaenda zake. Swali likabaki.

Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 hivi, ndiyo maana Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2030 Ramadhani itatuingilia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kuyazunguka majira yote hadi irudi ilipokuwa huchukua miaka 33. Usiku mmoja baada ya tarawehe nilikaa barazani nikahesabu. Idi kama hii, ya siku kama hizi za mwezi wa tatu, kaskazi imelegea na mawingu ya masika yanaanza kujikusanya, mara ya mwisho niliiona mwaka 1993, nikiwa na miaka tisa. Itakaporudi itakuwa 2059. Nikijaaliwa, nitakuwa na miaka 75.

Idi ile ya 1993 naikumbuka kwa kanzu. Ilinifunika hadi vidole vya miguu, kwa sababu baba aliagiza ishonwe kubwa nipate kuivaa Idi tatu. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye korona, pale majani ya mkonge yanaposagwa yakatoka singa, katika shamba moja njia ya Muheza. Babu yangu alifika Tanga akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, baba akazaliwa kambini, akakulia kambini, akaajiriwa hapo hapo. Ukimuuliza kuhusu kesho, alikuwa akionyesha mkonge tu. Na alikuwa na haki: miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mkoa wetu ndio uliokuwa kitovu chake. Lakini kamba za plastiki zilishaingia duniani, bei ikaanguka, na kufikia utoto wangu mashamba mengi yalikuwa yameota pori. Baba alirudi nyumbani siku moja na panga lake na sufuria ya chai, basi. Yeye alikuwa radhi kuishi vile vile hadi uzee wake, ila maisha yenyewe hayakumngoja.

Alinionyesha jambo moja nikiwa naye shambani. Mkonge hukatwa majani mwaka baada ya mwaka, na kwa macho unauona ni ule ule. Kumbe ndani unajiandaa. Siku ikifika unatoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, unachanua mara moja tu, kisha unakufa. Tangu kijana yule aniulize, nimeukumbuka sana mlingoti ule.

Sasa niseme langu. Kazi hii naipenda. Napenda kitambaa kipya kinavyokwaruza chini ya chaki, napenda shingo ya kanzu inapokaa sawa bila kuvuta upande, napenda mtoto anapojitazama kwenye kioo cha duka akavuta mkono kuona kama ni wake kweli. Miaka kumi ya hayo nitaipokea kwa mikono miwili, na 33 pia. Ila kuna kuridhika na kuna kuzoea, na viwili hivi huvaa kanzu moja. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano nilizoea kulala dukani kumi la mwisho. Usiku wa kuamkia Idi nilikuwa nabandika vifungo hadi adhana ya alfajiri, nikaenda kuswali macho mekundu, nikarudi nikalala, nikaamka sahani zinaoshwa. Nilijiambia ndiyo riziki, na kila fundi wa Tanga anaishi hivyo. Kama kijana angeniuliza hilo peke yake, kwamba utaridhika kuishi usiku ule hadi 2059, jibu ni hapana, na lilikuwa hapana siku nyingi.

Mama yangu aliniletea kitambaa mwezi wa Shaaban, miaka miwili iliyopita. Rangi ya zambarau iliyoiva, maua madogo meupe. Aliomba gauni la mikono mirefu, la kuvaa Idi. Nikakiweka kwenye rafu ya juu, kwa kuwa mama hana haraka, mama atangoja, na wateja wameshatoa malipo ya awali. Ramadhani ikaingia, kazi zikajaa, kitambaa hakikushuka. Asubuhi ya Idi alivaa gauni la mwaka uliotangulia, amelipiga pasi vizuri, akanipa mkono, akaniwekea tambi kwenye bakuli lililofunikwa. Hakuuliza. Alifariki kabla Ramadhani nyingine haijafika. Mungu amlaze pema. Kitambaa kilikuwa bado kwenye rafu, kimekunjwa alivyokikunja yeye.

Sijaandika haya ili mnipe pole, pole mlishanipa na nyumba ilijaa. Nimeandika kwa sababu wapo mnaosoma hapa ambao nanyi mna kitambaa cha mtu kwenye rafu ya juu. Mwenye duka, mwenye bodaboda, mwalimu anayefundisha masomo ya ziada hadi usiku, binti uliye Dar es Salaam unayesema utakuja Idi ijayo. Mjiulize swali la kijana yule leo, mkiwa mmeshiba na mmekaa pamoja. Msiniletee mimi jibu.

Mwaka huu nilifunga daftari la kupokea kazi tarehe 20 ya mfungo. Niliowarudisha nawaomba radhi tena, hasa mama wa watoto wanne aliyekuja kutoka Makorora jua kali. Fedha imepungua na nyumbani tumeiona: mwaka jana tulichinja mbuzi, leo pilau ni ya kuku. Lakini kumi lote nimefuturu na wanangu. Jana usiku tuliposikia takbira nilikuwa uani kwangu, nakuna nazi, mke wangu anakaanga kaimati, na mdogo wetu amelala na viatu vipya miguuni.

Kitambaa cha mama nimekishusha. Nilikikata usiku wa mwezi 25 na kumshonea binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 11 na mabega ya bibi yake. Mikono mirefu, kama kilivyoagizwa. Chini nimeacha upindo wa inchi nne, nimeushona kwa mkono kwa uzi mwepesi, ili akirefuka tuufumue na kuushusha.

Leo jioni watoto wanakwenda Tangamano kwenye pembea. Sisi wakubwa tuko barazani, kahawa ipo na halua ipo. Atakayepita asiishie kupunga mkono, aketi. Na kijana wangu wa kanzu, ukisoma hapa, njoo nawe; gauni la zambarau utaliona mlangoni.

Idi Mubarak, kila mmoja na watu wake.