Ile feni ya Canter

Moshi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Neema,

Salamu kutoka huku Pasua. Nyumbani wote wazima, ila mama mkubwa wa Kirua anasumbuliwa na mgongo kama kawaida yake. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Nimeona nikuandikie, maana nikikujibu kwa sauti utanisikiliza huku umeshika usukani, na jambo hili linataka ukae chini.

Umebadilisha wota pampu, ukabadilisha themostati na mkanda, ukasuuza rejeta, lile tangi la mbele la kupozea maji ya injini, na Canter bado inachemsha. Pole sana kaka. Mimi mwaka jana nilizitoa pesa hizohizo, karibu spea kwa spea. Lakini kuna neno umelipitisha katikati ya maelezo kama vile si kitu: kwamba ukiwa kwenye lile tambarare la KIA, kule uwanja wa ndege, mshale wa joto unakaa chini, ukifika Tengeru kwenye foleni unaanza kupanda. Ugonjwa uko hapo hapo. Gari likichemsha kwenye mwendo, shuku maji kwanza, kwamba rejeta imeziba au pampu haisukumi. Likichemsha linapotambaa, kisha likipata mwendo likapoa, shida ni upepo. Ukikimbia, upepo unaingia wenyewe kwa mbele. Kwenye foleni feni iko peke yake.

Canter yangu ilikuwa inanikamatia kwenye kilima cha Kikafu. Nimepakia ndizi za kupeleka soko la Kilombero, Arusha, naingia na gia ya pili, na kabla sijafika juu geji ya joto imeshagonga mwisho. Tingo, msaidizi wangu, anashuka na jiwe la kuwekea tairi, na wale wa Coaster wanatupita wakipiga honi. Fundi wangu akasema feni imefungwa kinyume, inapuliza mbele badala ya kuvuta. Tukaibishania nusu saa. Nikwambie, na wewe ukiambiwa hivyo usikubali: feni inayozungushwa na mkanda hata ukiigeuza uso kwa mgongo, upepo unaenda kulekule, ila unakuwa hafifu. Upepo unageuka pale tu feni inapozunguka upande mwingine, na hilo utaliona kwenye zile za umeme, mtu akibadilisha mota akachanganya nyaya mbili. Yetu haina nyaya.

Yetu ina klachi yake, si ile ya gia, ni hilo duara la alumini katikati ya mapanga. Ndani mna mafuta mazito ya silikoni. Usoni kuna springi bapa iliyojikunja kama konokono. Ikipigwa na hewa ya moto inayotoka kwenye rejeta inafungua tundu, mafuta yanaingia katikati ya sahani, na feni inashikana na pampu. Rejeta ikipoa, inaachia. Mafuta hayo yakivuja, feni utaiona inazunguka na utaridhika, kumbe inazungushwa na hisani tu.

Kupima ni rahisi. Endesha mpaka ipate moto, zima, chomoa ufunguo kabisa, inua kabini, kisha sukuma panga kwa kidole. Inatakiwa ikatae, iende kidogo na kusimama. Yangu ilizunguka kama tairi la baiskeli lililopinduliwa. Nikapitisha kidole pembeni ya springi nikakuta utando mweusi wa mafuta na vumbi, umechorwa kutoka katikati kwenda nje kama miale. Na klachi hiyo nilikuwa nimeinunua wiki tatu tu kabla, ya mtumba! Niliikuta dukani imelazwa kifudifudi chini ya rundo la vyuma. Vitu hivi huhifadhiwa vimesimama, kama vinavyokaa kwenye gari, lasivyo mafuta yanatambaa kwenda yasikotakiwa.

Fundi akataka kuipiga klachi bolti ili feni igande nayo moja kwa moja. Nilikataa. Utafika salama, sawa, lakini itanguruma siku nzima kama ndege inayotaka kuruka, itakula dizeli, na uzito wote utaangukia beringi ya hiyo pampu uliyoinunua juzi. Nikanunua mpya. Iliniuma, tuyaache.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipotaka kulia. Na klachi mpya, Kikafu ikanikamata tena! Si vibaya kama mwanzo, lakini ilinikamata. Nikarudi gereji, nikawasha, nikachukua gazeti nikaliweka mbele ya rejeta. Katikati likanasa. Nikalisogeza kwenye pembe, likaanguka. Pembe ya pili, likaanguka. Ndipo nikainua kabini nikaangalia vizuri, nikaona mapanga yanazunguka uchi. Kava hakuna! Lile boksi la plastiki linaloizunguka feni walilitoa wakati wa kubadilisha rejeta, na hakuna aliyelirudisha. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni, ile ya moto inayotoka kwenye injini yenyewe, badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Tukalitafuta. Lilikuwa nyuma ya gereji chini ya benchi, na kuku ameatamia mayai saba ndani yake. Mama wa gereji akaniomba nisubiri yaanguliwe. Nilimhamisha kuku.

Tangu siku hiyo Kikafu napanda na geji iko nusu.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi nyingine, angalia kava kwanza, ndipo upime klachi kwa kidole. Mkanda ule mpya ukaze tena, maana ukishatembea siku chache unalegea. Na mfuniko wa rejeta, ukiwa raba imekatika badilisha, hauna gharama. Huko kwenu Arusha mwinuko ni kama mita 1,400, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko unaoshika presha ndio unaoyazuia. Ila usiufungue injini ikiwa moto. Tingo wangu ana alama mkononi mpaka leo.

Ukishindwa, njoo nayo Jumamosi asubuhi mapema kabla jua halijawaka, tuifungue wenyewe. Msalimie Mama Neema na watoto. Na ile spana yangu ya namba 12 uliyoondoka nayo Krismasi uje nayo, maana nati za klachi ni hizo hizo.

Wako,
Baba Joshua