Tusipime afya ya matumbawe kwa kasi ya kukua peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo naona linakosekana kila tunaposoma habari za upandaji wa matumbawe katika pwani yetu. Habari zenyewe ni njema, nami huzifurahia, kwa sababu nimekulia kando ya mwamba na naikumbuka hali yake kabla ya joto la mwaka 1998, lililoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania na kuviumiza vibaya visiwa vya Mafia na Misali. Hata hivyo, karibu zote hutaja idadi ya vipande vilivyopandwa na sentimita vilizorefuka, kana kwamba tumbawe ni mkaratusi ambao ukisharefuka kazi imekwisha. Sijasoma hata moja inayouliza kama matumbawe hayo yamebakiwa na nguvu za kujikinga na maradhi, wala kama yamefikia kutunga mayai. Kukua, kujikinga na kuzaa vyote huchota katika akiba moja ya chakula, na akiba hiyo ina ukomo.

Tumbawe ni mnyama. Nalisema hili wazi kwa kuwa hata watu wazima wa pwani, wanaolijua kila pango la pweza, wengi wao huliita jiwe. Tunachokiona kama jiwe ni nyumba ya chokaa iliyojengwa na wanyama wadogo laini waitwao polipi, walioungana ngozi kwa ngozi, na ndani ya nyama zao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula anachohitaji. Kilichopungua polipi hukidaka kwa minyiri yao, hasa nyakati za usiku. Kwa chakula hicho tumbawe hujenga chokaa, hutoa ute wa kufunika ngozi na kuondoa mchanga, huziba majeraha, hugombea nafasi na majirani, hutunga mayai, na huwazuia bakteria, kuvu na minyoo wasiingie.

Kinga yake haifanani na yetu. Tumbawe halina kingamwili kama zile ambazo chanjo hutuchochea sisi kuzitengeneza, bali lina seli zinazomeza vimelea, ute wenye kemikali za kuua bakteria, na melanini, rangi ile ile inayotia weusi ngozi zetu, ambayo hurundikwa kuzunguka jeraha au kimelea mfano wa ukuta. Mtu akizamia kwenye madonge makubwa ya matumbawe ya jenasi ya Porites, mara nyingi ataona mabaka na mistari ya rangi ya waridi. Wageni huyapiga picha kwa uzuri wake, lakini ni alama ya mnyama aliye katika kujihami, pengine kwa sababu kuna kiumbe anayemtoboa au mwani unaomsugua pembeni.

Gharama ya kujihami huko imeonekana vizuri huko Hawaii. Kuna mnyoo bapa anayeingia ndani ya polipi za tumbawe liitwalo Porites compressa na kukaa humo akisubiri kuliwa na kitatange, kwa kuwa ni ndani ya samaki huyo ndipo anapokomaa. Polipi iliyoingiwa huvimba, hugeuka waridi na kushindwa kujikunja ndani ya nyumba yake, na kwa hiyo huonwa na kuliwa kwa urahisi. Watafiti walikuta kwamba matumbawe yenye mnyoo huyo kwa wingi yanaweza kupunguza ukuaji wake hadi nusu. Nusu ya ukuaji wa tumbawe ambalo nje linaonekana zima kabisa, lenye madoa tu!

Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi katika Great Barrier Reef ya Australia walitoa matokeo ya kulinganisha kinga ya matumbawe ya familia mbalimbali. Walipima melanini, protini zinazong'aa na ukubwa wa seli zinazohifadhi melanini hiyo, wakakuta kwamba Porites wana akiba kubwa ya kinga, ilhali Acropora na Pocillopora, ambao wengi wao ni matumbawe ya matawi, wana akiba ndogo. Mpangilio huo ulikuwa kinyume cha mpangilio wa kupauka (kupoteza mwani wake na kubaki meupe) na kuugua, yaani wale wenye kinga ndogo ndio wanaotangulia kupauka na kushikwa na maradhi. Sasa tutazame kasi yao. Donge la Porites huongezeka kama sentimita 1 kwa mwaka, wakati tawi la Acropora linaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa muda huo huo. Ninavyoelewa mimi, Acropora hukimbilia kushika nafasi yenye mwanga, likivunjika lichipue upya, likifa nafasi yake ichukuliwe na jingine changa, ambapo Porites hujenga polepole na kuilinda kila sehemu ya mwili wake, na kwa njia hiyo huishi kwa karne kadhaa.

Nisieleweke vibaya. Acropora hawakuumbwa bila silaha. Jenomu, yaani jumla ya jeni zote, ya Acropora digitifera, iliyotolewa mwaka 2011 na watafiti wa Okinawa nchini Japani, ilionyesha kuwa tumbawe hilo lina jeni nyingi za kinga ya asili, nyingi kuliko za baadhi ya jamaa zake wasiojenga chokaa. Huko Florida nako kuna koo za Acropora cervicornis zinazostahimili ugonjwa wa mkanda mweupe ambao umeangamiza jamaa zao. Lakini koo hizo hizo zilipojaribiwa tena wakati zimepauka kwa joto, baadhi zilipoteza ustahimilivu wake. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu tumbawe ni lile lile na jeni ni zile zile, kilichobadilika ni hali yake baada ya joto kuuondoa mwani unaolilisha.

Na kuzaa ndiko kunakosahaulika kabisa. Mayai ya matumbawe yamejaa mafuta, ndiyo maana huelea yanapotolewa, na huchukua miezi kadhaa kukomaa. Baada ya mpauko wa mwaka 1987 huko Florida, watafiti walifuatilia tumbawe lililojulikana wakati huo kama Montastraea annularis, wakaona kwamba yale yaliyorudisha rangi yake mapema yaliendelea kutunga mayai kama kawaida, wakati yale yaliyobaki meupe kwa muda mrefu hayakutunga msimu uliofuata. Katika Bahari ya Karibi, matumbawe laini yenye umbo la upepeo yaliyoshikwa na kuvu aina ya Aspergillus yalipunguza uzazi. Katika Bahari ya Shamu, tumbawe Stylophora pistillata likivunjwa matawi hutoa viluwiluwi wachache kwa muda, kwa kuwa chakula kimekwenda kurudishia matawi.

Hilo la mwisho linatugusa sana. Kila nanga inayotupwa juu ya mwamba, kila juya linalokokotwa, kila baruti, na hata miguu yetu tunapokwenda kuchokoa pweza wakati wa bamvua, huvunja matawi ambayo yatalazimika kuponywa kwa chakula kilichokuwa kitunge mayai. Mama yangu alituzuia tusikanyage matawi kwa sababu yalitukata miguu, na sikuwahi kufikiri wakati ule kwamba nao tulikuwa tukiwakata. Utafiti uliofanywa katika hifadhi ya bahari ya Mombasa ulionyesha kwamba Acropora wa huko hawamwagi mayai wote kwa pamoja katika usiku chache baada ya mwezi mpevu kama ilivyo katika Great Barrier Reef, bali hugawanyika katika miezi kadhaa, kwa sehemu kubwa wakati wa kaskazi. Hiyo ndiyo miezi ya joto, na miongoni mwake ndiyo miezi ambayo maji yakizidi joto mpauko huanza. Kwa hiyo tumbawe letu hubeba mzigo wa uzazi na mzigo wa joto karibu kwa wakati mmoja, na mtu anayelijeruhi katika kipindi hicho hulizidishia deni la tatu.

Kuna na plastiki. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliochunguza matumbawe zaidi ya 120,000 katika miamba 159 ya Asia na Pasifiki, na ukakuta kwamba uwezekano wa tumbawe kuwa na ugonjwa hupanda kutoka asilimia 4 hadi 89 pale plastiki inapoligusa. Plastiki huchana ngozi na kuzuia mwanga, hivyo hufungua mlango wa vimelea huku ikipunguza chakula cha kuwapinga. Joto la bahari hatuwezi kulipunguza sisi wa Tanga, Lamu au Unguja peke yetu, lakini mifuko, nyavu zilizotupwa na maji machafu ya mahoteli yako mikononi mwetu.

Nimeshuhudia mradi mmoja wa kupanda matumbawe ambao ulichukua vipande vya aina moja tu ya Acropora, inavyoonekana kutoka makoloni machache, yaani matumbawe mazazi machache, kwa sababu hurefuka haraka na hupendeza katika picha za kabla na baada. Msimu wa joto ulipofika, karibu fremu zote zilizofungwa vipande hivyo zilikuwa nyeupe ndani ya majuma machache. Vijana wa kijiji waliofanya kazi ile kwa moyo waliumia sana, na hakuna aliyewaeleza sababu.

Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, waandishi wako watakapokwenda tena kwenye sherehe za kupanda matumbawe, wawaulize wahusika ni aina ngapi zimepandwa na kama Porites wamo, vipande hivyo vilikatwa kutoka makoloni mangapi, na vingapi viko hai baada ya kaskazi mbili. Wawaulize pia kama kuna aliyekata tawi dogo la matumbawe yaliyopandwa zamani kabla ya msimu wa kumwaga mayai na kutazama ndani, kwa maana mayai ya Acropora yakikomaa huwa na rangi ya waridi au nyekundu, na huonekana kwa macho matupu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Tanga